Kamera ndogo za mtaani: zipimeni kwa jua la Mtwara, siyo kwa megapikseli

Ndugu Mhariri,

Salaam kutoka kusini. Nimeisoma ile makala yenu ya kulinganisha kamera ndogo za kupigia picha mitaani na sina ugomvi na aliyeandika, kajitahidi, ila jedwali lake kalipanga kwa megapikseli, yaani wingi wa nukta za picha, na zumu, yaani uwezo wa kuvuta cha mbali, mwenye namba kubwa kakaa juu mwenye namba ndogo kakaa chini, na huku kwetu Mtwara ukinunua kamera kwa kufuata jedwali lile utaumia. Mimi ni mpiga picha, mchana ni paspoti, harusi zikipatikana harusi, na muda ukibaki nazunguka sokoni, feri, Mikindani, napiga watu wakiwa kwenye shughuli zao bila kuwapanga. Hiyo kazi ya pili haina hela, nasema mapema ili msomaji asidhani kuna kitu nataka kumuuzia.

Megapikseli tuzimalize kwanza maana ndizo zinazopoteza watu. Fujifilm X100 ile ya kwanza kabisa iliyotoka 2011 ina megapikseli 12 tu, na kwenye jedwali lenu imewekwa ya mwisho. Megapikseli 12 zake ni nukta 4288 kwa 2848, hiyo ukiipeleka kwa mchapishaji inatoka A4 safi na inabaki, sasa niambieni ni nani hapa Mtwara anayechapisha zaidi ya A4 kila siku? Picha kubwa kabisa kwenye gazeti lenu lenyewe haifiki huko. X100VI ya 2024 ina 40, ni kamera nzuri sana, lakini sio hizo 40 zinazoifanya nzuri, hizo zitakujazia memori na kuifanya kompyuta yako ya zamani ihangaike kufungua faili.

Cha kuangalia ni ukubwa wa kihisi, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga. Zile kamera ndogo za bei poa tulizozizoea, IXUS nyingi za Canon na Coolpix nyingi za Nikon, kihisi chake ni kama milimita 6.2 kwa 4.6, kidogo kuliko ukucha wa kidole kidogo. Sony RX100 tangu ilipotoka 2012 ina kile wanachokiita cha inchi moja, ambacho ukikipima ni 13.2 kwa 8.8, wala inchi yenyewe huioni. Ricoh GR na Fujifilm X100 zote zina kile cha APS-C, 23.5 kwa 15.6 hivi. Ukipiga hesabu, hicho cha mwisho kina eneo kama mara tatu ya cha RX100 na mara kumi na tatu ya zile za bei poa.

Mtu atasema hayo ni mahesabu ya maabara. Hapana. Nendeni Ijumaa watu wanapotoka msikitini, saa saba na kitu, jua liko utosini, kanzu nyeupe, kofia nyeupe, ukuta nyuma umepakwa chokaa nyeupe, halafu katikati ya weupe wote huo kuna nyuso zetu sisi. Kamera yoyote ukiiacha ijiamulie inaona weupe mwingi, inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na unachopata ni kanzu zinazotembea hazina watu. Ukizungusha kile cha kuongeza mwanga, nyuso zinakuja lakini kanzu zinaungua, mikunjo yote ya kitambaa inapotea. Njia yake ni kuipima picha kati na kati, unaongeza kidogo tu, halafu nyumbani unainua vivuli kwenye kompyuta, na hapo ndipo kihisi kinajieleza: cha kamera ya bei poa ukiinua kivuli kidogo tu uso unajaa chenga kama tivii ya zamani ikipoteza stesheni, cha RX100 kinavumilia kiasi, cha GR na X100 unainua na bado unaona jasho kwenye paji la uso. Hii ni habari ya nyuso zetu sisi wenyewe na makala haikuigusa hata kwa mstari mmoja.

Na hapo hapo kuna flashi. Watu wanadhani flashi ni ya usiku. Mchana wa huku flashi ndogo ndiyo inayokuonyesha macho ya mtu aliyevaa kofia au aliyejitanda kanga kichwani, unaijaza kidogo tu kivulini. X100 zote zina flashi ya ndani. GR II ya 2015 inayo, halafu ilipokuja GR III mwaka 2019 wakaitoa, na mwandishi wenu kaisifu GR III kwa kuwa nyembamba zaidi bila kusema kimetolewa nini ili iwe nyembamba! Kuna na siri nyingine, kamera hizi za lenzi moja isiyobadilishwa zina shata, yaani kile kinachofunguka na kufunga kupitisha mwanga, iliyojengwa ndani ya lenzi yenyewe, kwa hiyo flashi inakubali kwenye spidi kubwa ambazo zile kamera kubwa za harusi zinakataa, na shata yenyewe karibu haisikiki kabisa. Sokoni hiyo ni faida mara mbili.

Sasa skrini. Aliyeandika naona kazifanyia majaribio ndani ya ofisi yenye kiyoyozi. Aje asimame pale feri mchana mashua zinaposhusha samaki, ainue kamera isiyo na kitundu cha kuchungulia, aniambie anaona nini kwenye skrini. Atajiona yeye, kidevu chake na mawingu. GR zote za digitali hazina kitundu, hata GR IV ya 2025 haina, unaweza kununua cha pembeni ukakichomeka juu lakini ni hela nyingine na ni kitu kingine cha kupotea. RX100 ya kwanza haina, ya tatu ya mwaka 2014 wakaweka kile kinachochomoza ukikibonyeza, kidogo lakini kinasaidia sana. X100 zote zinacho, tena cha kioo chenyewe ambacho ukitaka unakibadilisha kikawa cha umeme, kwa hiyo unaweka jicho unaona mtaa wenyewe ulivyo, na unamuona mtu kabla hajaingia kwenye fremu. Kwa jua letu hiyo peke yake inatosha kuipandisha kamera kutoka mkiani.

Lakini GR nayo tusiionee, ina dawa yake. Kuna kitu humo unaiwekea umbali kabisa, tuseme mita 2, ukibonyeza moja kwa moja inapiga kwa umbali huo bila kutafuta fokasi. Lenzi yake ni ya milimita 18.3, ukiiweka f/8, yaani tundu la lenzi umelifunga kiasi, na umbali huo wa mita 2 basi kuanzia kama mita 1 mbele yako mpaka mbali kule mwisho wa mtaa kila kitu kinasomeka. Na jua la Mtwara f/8 linakupa bure, weka ISO (wepesi wa kupokea mwanga) 200, shata 1/800 ya sekunde, umemaliza, hata dau linalocheza kwenye mawimbi linaganda. Skrini huhitaji kuitazama, unajua tu mita 2 ni hatua ngapi. Na GR III inawaka ikawa tayari kwa sekunde 0.8 kwa mujibu wa watengenezaji, kabla mtu hajamaliza kukuuliza umetoa nini mfukoni. Yule mzee wa Kijapani Daido Moriyama aliyetengeneza jina kwa picha za mitaa ya Tokyo amezitumia hizi GR tangu zile za filamu, kwa hiyo sio kamera ya mchezo.

Zumu sasa. RX100 VII ya 2019 inafika milimita 200 kwa hesabu ya kamera za filamu, namba ikiwa kubwa inavuta cha mbali, na makala imeiona hiyo kama ushindi, eti unaweza kumpiga mtu ng'ambo ya barabara asijue. Mimi hapo nimeshtuka kidogo. Watu wa huku wanajua ukiwavizia, tena wanajua haraka, na ukishaonekana unawavizia umemaliza biashara siku hiyo na labda mwezi mzima. Lenzi ya GR ni sawa na milimita 28 na ya X100 ni sawa na 35, maana yake lazima usogee, na kusogea huku kwetu maana yake salamu. Kuna kina mama wanabangua korosho barazani mtaa wa jirani, nimeenda nikakaa, shikamoo bibi, marahaba, za hapa nzuri, mmoja akaangalia kiganjani kwangu akacheka, "hicho ndo kikamera? wenzio wanakuja na mizinga," akaendelea na kazi yake. Mikono imepakwa majivu kwa sababu ule utomvu wa ganda unababua ngozi, vidole vimebaki vyeusi kwenye kucha, anasimamisha korosho kwa mkono mmoja anaigonga na kigongo mara moja tu, ganda linapasuka katikati, punje inatoka nzima haina hata mkwaruzo. Kupiga hiyo unatakiwa uwe mita moja. Ningekuwa na mzinga, yaani kamera kubwa, pale wangeanza kukaa vizuri, wangejifunga kanga upya, wangeniuliza inatoka tivii gani.

Zumu ina mahali pake, sikatai, ukiwa juu ya kivuko cha Msangamkuu na ngalawa inapita mbali kule lenzi ya 28 inakupa maji matupu na kidoti, hapo mwenye RX100 anacheka. Ila hiyo ni mandhari, mada ilikuwa mtaani.

Halafu chumvi na vumbi, na hapa ndipo nimeamua kuandika barua, mengine yote ningenyamaza. Kamera nyingi za mfukoni lenzi yake inatoka na kurudi ndani kama kichwa cha kobe. Kila ikitoka na kurudi inavuta hewa, na hewa yetu ina nini? Pwani ina chumvi, ukipanda huko vijijini Newala na Tandahimba kuna vumbi jekundu laini kama unga wa muhogo. Vumbi likishaingia linakaa juu ya kihisi na unaanza kuona madoa yaleyale angani kwenye kila picha, na kwenye kamera ambayo lenzi haibanduliwi huwezi kupuliza mwenyewe, lazima ifunguliwe, na wa kuifungua vizuri hayupo karibu. Niliwahi kuwa na moja, jina naliacha, ilijaa madoa kiasi kwamba nikawa napiga picha za kuta tu zisizo na anga. Kwa GR malalamiko ya vumbi kwenye kihisi ni ya siku nyingi na ya dunia nzima, siwasingizii, na hawakuifunga isiingize vumbi wala maji. X100 lenzi yake haitoki nje namna hiyo, na kuanzia X100V ya 2020 imezibwa, ila sharti uifunge ile pete yake na filta ya milimita 49 mbele, bila hizo mbele panabaki wazi. Hilo nalo halikuandikwa, mtu atanunua kwa milioni zake akadhani imeshazibwa, ataenda nayo Msimbati kwenye upepo.

Fangasi je? Kamera ikikaa kabatini masika nzima huku pwani utaikuta lenzi ina utando kama nyuzi za buibui ndani ya kioo, na ukishaingia hautoki kwa kufuta. Ule mfuko wa ngozi mzuri ndio mbaya zaidi, unatunza unyevu. Mimi naweka kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vya kwenye maboksi ya viatu, nikiona vimechoka natafuta vingine, na kubwa zaidi kamera naitumia, kamera inayopata hewa na mwanga kila siku fangasi hawaipendi. Mchele wa kunyonya unyevu usiweke jamani, unga wake ni vumbi lilelile.

Betri nitapita haraka. GR III inapimwa picha kama 200 kwa chaji moja, X100V ni 350 mpaka 420 kutegemea unachungulia kwa namna gani. Kwa mtu wa Mtwara anayetoka asubuhi kwenda Masasi na kurudi, GR inadai betri mbili za akiba au pawabenki, na bahati nzuri inachajiwa kwa waya uleule wa simu za siku hizi.

Bei ndiyo inauma. X100VI ilitangazwa kwa dola 1,599 na GR IV kwa dola 1,499, zidisheni wenyewe, hiyo ya kwanza inagusa milioni nne kabla ya usafiri na ushuru, hiyo ni bodaboda mpya na chenji. Na X100V ilipopata umaarufu kwenye mitandao ikaadimika mpaka ya mtumba ikawa inauzwa juu kuliko bei ya dukani, vijana wa mjini walivyo. Kwa hiyo mimi nikiambiwa nichague kwa hela ya mtu mwingine nachukua X100VI na filta yake siku hiyohiyo. Kwa hela yangu natafuta X100 za zamani, ile ya kwanza au X100S ya 2013 au X100T ya 2014, za mtumba, zenye mikwaruzo hata. Ya kwanza fokasi yake ni ya taratibu, inakuchelewesha kweli kwa mtoto anayekimbia, lakini kwa fundi wa baiskeli, muuza pweza, kina mama wa korosho, inatosha na kubaki, na ukiipanga umbali mwenyewe inafika haraka. Ikikosekana GR II kwa sababu ya flashi yake, ila nayo naifungia kwenye kifuko cha zipu nikipanda bara. RX100 nampa mtu anayetaka kamera moja ya kila kitu, harusi ya dada, mtoto shuleni, safari, huyo hakosei. Zile za kihisi kidogo zimerudi kwenye fasheni naona, vijana wanapenda ile rangi yake ya miaka ya 2000, sawa wafurahi, lakini Ijumaa msikitini zitawaumbua.

Mtu atauliza simu je. Simu nzuri ni kamera, nani anabisha, tatizo langu nayo ni mbili tu: inapenda kulainisha nyuso mpaka mzee wa miaka sabini anakuwa kijana, na sokoni ukiinua simu kila mtu anajua leo jioni yuko kwenye status. Kamera ndogo bado wanaiona kama kitu cha kazi, wanakuuliza utaniletea lini yangu. Na unaleta, hilo ni deni.

Kuna sehemu makala imesema "mtaani piga chochote", naomba mrekebishe kabla kijana hajaingia matatani. Bandarini hapa, kambini, kituo cha polisi, huinui kamera bila ruhusa, kila mtu wa Mtwara anajua lakini mgeni hajui. Na kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, sura ya mtu siyo mali ya aliyebonyeza kitufe, hasa ukitaka kuiuza au kuiweka tangazo. Mtoto, uliza mzazi.

Kwa vijana watatu wanne walionifuata kuuliza wanunue nini baada ya kusoma makala, na wengine walioko Lindi na Masasi wanaosoma gazeti hili, mkiletewa kamera ya mtumba fanyeni hivi kabla hela haijatoka. Iwashe na kuizima mara nyingi mfululizo usikilize kama lenzi inakwaruza. Chukua tochi ya simu umulike lenzi kwa pembeni, siyo kwa mbele, nyuzi za fangasi zinaonekana hapo hapo. Halafu piga anga tupu, tundu la lenzi ulifunge mpaka mwisho wake, f/16 kama inafika, ikuze picha kwenye skrini uiangalie kivulini kona kwa kona, kila kidoti cheusi kisichohama ukipiga ya pili ni vumbi lililo ndani, na kila kimoja ni sababu ya kushusha bei. Muulize betri ni ya kwake halisi au ya kuunga. Akikukataza kufanya haya, mrudishie kamera yake kwa heshima.

Na nyie wa gazeti, mkirudia lile jedwali naomba safu za zumu na megapikseli mzipunguze, muongeze kitundu cha kuchungulia ipo haipo, flashi ipo haipo, imezibwa haijazibwa, lenzi inatoka haitoki, picha ngapi kwa chaji. Nafasi ipo, ile picha ya mwanamitindo aliyeshika kamera ilikula nusu ukurasa.

Wenu,
Mpiga picha wa Magomeni,
Mtwara